Mlio Ambao Hared Hakutaka Kuujua

Mume wangu Hared si mwongo, na hapo ndipo taabu yetu yote ilipoanzia. Angekuwa mwongo kama baadhi ya madereva wenzake wa Garissa, angeuza lori lake kwa uongo mmoja mfupi, mambo yakaisha. Lakini Hared ni mtu wa dini. Anajua kwamba anayeuza kitu chenye kasoro lazima amwambie mnunuzi, awe anauza mbuzi kiwete au nyumba inayovuja. Kwa hiyo alitafuta njia ya kuwa mkweli bila kusema kweli.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Lori letu lilibeba unga, sukari na mitumba hadi maduka ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, na ndilo lililotulisha mimi, yeye na watoto wetu watatu. Turbo yake, kile chombo kinachoisukumia injini hewa, ilipoanza kutapika mafuta, Hared hakuipeleka kwa binamu yake Keynan, mwenye gereji karibu na soko la mifugo. Keynan aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba kazi yake ni kukanyaga mafuta, si kushika spana, na Hared hasahau. Akaifungua nyumbani, uani kwangu, Ijumaa baada ya sala. Alitandika mkeka wangu mpya na kupanga vyuma juu yake kwa mstari, kama daktari anayejiandaa kumpasua mtu. Niliulilia mkeka wangu kimoyomoyo.

Jumapili alasiri alimaliza. Hakubaki na hata skrubu moja mkononi, akajisifu kwamba hiyo ndiyo dalili ya fundi wa kweli. Akawasha. Lori likanguruma vizuri. Akakanyaga mafuta, na hapo likatoa mlio ambao sijausikia tena maishani: kwanza filimbi, kisha kikohozi, kisha pumzi ndefu kama ya shemeji aliyeshiba. Kuku wangu walikimbilia chini ya kitanda, na moshi mweusi ukafunika nguo nilizoanika.

"Litazoea," Hared alisema.

Halikuzoea. Kesho yake alipita nalo mjini, na mji mzima ukageuka fundi. Garissa ni mji wa watu wanaomtambua ngamia mgonjwa kwa kumsikiliza tu anavyocheua, basi wakajiona wanaweza kusikiliza na lori. Bishara, muuza chai, alisema beringi za turbo zimekufa. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini alisema pistoni imepasuka, na akamuombea. Askari wa kizuizi cha darajani alivua kofia tu kama anayepisha jeneza.

Hared alirudi nyumbani akitokwa jasho. "Muslimo," aliniambia, "nauza lori kabla sijajua lina nini."

"Kabla hujajua?"

"Nikijua, itabidi niseme, na nikisema hakuna atakayelinunua. Sasa hivi najua lina mlio. Mlio nitautaja, wallahi nitautaja. Chanzo chake sikijui, na nisichokijua sitaulizwa na Mungu wala na binadamu."

Tangu hapo akawa anakimbia watu. Kila aliyefungua kinywa kuhusu lori alikatizwa. Fundi mmoja kutoka Machakos alimfuata mpaka kwenye pampu ya petroli akitaka kumsaidia bure, na Hared akapandisha kioo. "Fundi, tafadhali, usiniambie kitu!" alipiga kelele kwa Kiswahili chake. "Mimi iko na masikio mbili, lakini leo imefungwa yote!"

Mimi nilijua chanzo. Nilikung'uta ule mkeka wangu Jumatatu asubuhi, na klipu ikaanguka miguuni pangu, ile pete ya chuma inayobana mpira wa hewa kwenye bomba la turbo. Ilikuwa imejificha chini ya upindo. Nimekaa kiti cha mbele cha lori lile miaka tisa, na klipu naijua. Mpira ulikuwa umechomekwa tu bila kubanwa, na kila hewa ilipokuja kwa nguvu ilichomokea pembeni ikipiga filimbi. Hiyo ndiyo iliyokuwa beringi ya Bishara na pistoni ya mzee.

Nilimwambia Hared. Niseme vizuri: nilijaribu. Mara ya kwanza niliposema "Hared, hilo lori," alitia vidole masikioni. Mara ya pili alianza kusoma dua kwa sauti. Mara ya tatu nilimshika mkono kabisa, akaacha chai yake na kutoka nje bila viatu. Nilikasirika. Mwanamume anataka kutupa riziki ya watoto wangu kwa kuwa anaogopa neno moja la mkewe!

Nilikwenda kwa Keynan nikamwonyesha klipu. Alicheka mpaka akakalia tairi. "Abaayo, dada yangu, mwache," alisema. "Sikio la kufa halisikii dawa."

"Sikio life," nilimjibu, "lakini lori halifi."

Baba yangu alinipa ngamia nilipoolewa, na kufikia mwaka ule walikuwa kumi na mmoja. Ndugu yangu Warfa ndiye aliyenichungia, mbali huko upande wa Balambala, na Hared, ambaye ni mtu wa gia na breki, hajawahi kwenda kuwatazama hata siku moja. Nilituma ujumbe waletwe. Kisha, kwa sababu mimi pia nina dini yangu, nilikwenda kwa sheikh.

"Mnunuzi akijua kwamba kitu ni kizima kuliko anavyodhani muuzaji, afanye nini?" nilimuuliza.

"Amwambie."

"Ameambiwa mara tatu."

"Akasema nini?"

"Alitia vidole masikioni."

Sheikh alijifunika mdomo kwa kilemba. Mabega yake yalitikisika kwa muda. "Basi vidole ni vyake," alisema.

Siku ya soko nilimtuma dalali Nunow. Bei ya mnyama kwetu haitajwi kwa mdomo. Muuzaji na dalali hushikana mikono chini ya shuka, na vidole ndivyo vinavyosema, ili walio karibu wasisikie. Hared alisisitiza kwamba hata lori liuzwe kwa heshima hiyo. Mimi nilikuwa kibandani kwa Bishara, nimejifunika mtandio, namtazama mume wangu akibinywa vidole kwa mali ya mkewe mwenyewe.

"Lina mlio," Hared alitangaza, kifua mbele. "Chanzo sikijui."

"Tajiri wangu analichukua na mlio wake," Nunow alisema. Chini ya shuka vidole vyake vikataja ngamia kumi na mmoja. "Unataka nikwambie ni nani?"

"Usiniambie!"

Walipeana mikono. Mchana, akila wali wangu, Hared aliniambia mnunuzi lazima ni mfanyabiashara wa vitunguu wa Rhamu, kaskazini kwenye mto Daua, kwa maana watu wa Rhamu ndio pekee wenye ngamia wengi na akili chache. Akamwonea huruma. "Maskini," alisema, "Mungu amsaidie na lori lile."

"Amin," nilisema, na nikamwongezea mchuzi.

Asubuhi yake mchungaji wa kukodiwa alileta ngamia mpaka langoni. Hared alivaa kofia yake nzuri na kuwaita majirani. "Tazameni! Ngamia wa Rhamu hao, wamekunywa maji ya Daua!" Mimi nilijificha jikoni, nimeapa sitatoka. Lakini mtoto wangu wa mwisho alikimbilia kwenye miguu yao, nami nikamkemea kwa sauti.

Ndani ya kundi alikuwamo Suban. Nilimlea kwa chupa wakati mama yake alipokufa kwa ukame, na alinifuata kama mbwa mpaka siku nilipoolewa. Aliposikia sauti yangu alimsukuma Hared, akaikanyaga kofia, akapita katikati ya majirani na kuingiza kichwa mlangoni mwa jikoni. Akakilaza begani kwangu na kuanza kunilowesha kwa mate.

Hared alimtazama ngamia, akanitazama mimi, akatazama alama ya moto kwenye shingo ya ngamia. Hata mtu wa gia na breki anaijua alama ya ukoo wa baba mkwe wake.

"Muslimo. Hawa ni wako."

"Walikuwa wangu. Sasa ni wako. Biashara ni halali, kamuulize sheikh."

"Na lori?"

"Liko kwa Keynan. Limekazwa klipu moja, halina mlio wowote. Limeshapakiwa unga."

Siku nne nilikuwa nikicheka peke yangu, lakini wakati ule niliogopa. Mwanamume aliyeaibishwa na mkewe mbele ya majirani anaweza kufanya lolote, na mimi nampenda Hared, upumbavu wake na yote. Alikaa juu ya kinu changu. Suban alikuwa akitafuna mtandio wangu na sikuthubutu kumfukuza.

"Dereva umeshapata?" aliniuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Bado. Natafuta anayesikia akiambiwa."

Alisimama, akaokota kofia yake iliyokanyagwa, akaikung'uta na kuivaa hivyo hivyo. "Nina uzoefu wa miaka tisa," alisema, kwa sauti ambayo jirani wa mwisho aliisikia. "Na spana sishiki. Kazi ya spana ni ya Keynan."

Nikampa ufunguo.