Ekseli za Kwenda Bondeni

Gasper alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya muuza samaki aliposikia mwanamke akimwamkia Mujibu, mchomeleaji wa pale gereji, mjini Masasi. Sauti hiyo alikuwa hajaisikia tangu ujana wake, lakini mkono ulioshika spana uliitambua kabla ya kichwa, ukaacha kukaza. Akabaki hukohuko chini, oili ikimdondokea shingoni.

"Marahaba, mwanangu," Mujibu aliitikia. "Karibu Mkomaindo."

"Namtafuta fundi Gasper. Nimetoka bondeni, chini ya Newala. Gari letu limevunjika mguu."

"Yupo uvunguni hapo. Mwite tu, atatoka."

Gasper alitoka kabla hajaitwa. Mbele yake alisimama Agatha wa Chiwata, amejaa mwili kidogo, kitambaa cha buluu kichwani, viatu vya mpira vimekolea vumbi. Nje ya geti, juu ya lori, palikuwa na gari kuukuu la porini, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, gurudumu moja la nyuma limelala upande.

"Mama Julia," Gasper akasema, kwa kuwa ndivyo watu wote walivyomwita, na kwa kuwa jina lile jingine lilikuwa zito mdomoni.

"Fundi," naye akajibu, akatabasamu huku akitazama chini.

Walikuwa wamekua pamoja Chiwata, mikorosho ya baba zao ikigusana matawi. Siku zile watu wa pande zote mbili walikwisha kuwahesabu kuwa mke na mume. Gasper akaenda Mtwara kujifunza ufundi, akasema nasubiriwa, narudi. Kazi ikamvuta kutoka msimu mmoja wa korosho hadi mwingine. Aliporudi, Agatha alikuwa muuguzi Newala, ameolewa na Erasto, mwalimu, ana mimba ya Julia. Hapakuwa na ugomvi wowote. Erasto alifariki baada ya miaka kadhaa, Julia akakua akaenda masomoni Songea, na mama yake akaomba kupelekwa kwenye zahanati ya bondeni, mahali ambapo wauguzi wengine walikuwa wakipakimbia. Habari hizi zote Gasper alizijua. Alikuwa akiziokota moja moja kwa madereva waliotoka Newala, akijifanya anauliza hali ya barabara.

Walilishusha gari kwa magogo na minyororo. Gasper akazunguka, akapiga magoti, akachungulia.

"Newala mafundi wapo," alisema. "Kwa nini umekuja mbali hivi?"

"Wamelitengeneza mara mbili, likavunjika palepale mara mbili. Nikasema safari hii niende kwa mtu asiyependa kazi yake imrudie." Kisha akachuchumaa karibu naye, akionyesha kwa mkono. "Ninataka matairi makubwa. Yale ya kufika hapa kiunoni. Kule chini mchanga unalimeza gari mpaka tumboni, na kuna kijito ambacho mvua ikinyesha hakipitiki. Mwaka jana tulimbeba mama mmoja kwenye machela mpaka ukingoni, gari limesimama ng'ambo linatutazama tu. Mama alipona. Mtoto alikuwa wa kike."

Gasper hakusema pole. Aliona neno hilo lingekuwa dogo mno. Akagonga ekseli, ule mhimili wa magurudumu, kwa bisibisi, ikalia mlio wa bati.

"Matairi hayo ninaweza kukupatia," alisema. "Lakini tairi likiwa kubwa, linaielemea ekseli. Likikwama mchangani na wewe ukakanyaga mafuta, nguvu yote inakwenda kumalizikia kwenye chuma hiki. Nikikuwekea matairi ya kiunoni juu ya ekseli hizi, nitakuwa nimemvalisha kuku mabuti. Litavunjika tena, na safari hii katikati ya maji."

"Basi weka na ekseli kubwa."

"Ndizo hazipo. Za kuagiza Dar zitafika mvua zimeshakata njia."

Hapo ndipo Mujibu, ambaye alikuwa akisikiliza huku anasafisha miwani yake ya kuchomelea, akasema kwa upole wa mtu asiyejua anachokigusa, "Kwani za lile gari lako la nyuma zina kasoro gani?"

Nyuma ya gereji, chini ya turubai, Gasper alikuwa na gari lake mwenyewe. Alilianza likiwa fremu tupu. Kila alipopata nafasi aliliongezea kitu: leo usukani, kesho tangi. Zile ekseli, nene kama mapaja, alizitoa kwenye gari la kubebea magogo lililoachwa porini njia ya Lulindi, akazisafisha kutu kwa mikono yake, akazipaka grisi, akazifunga. Watu walipomuuliza gari hilo la nini, alisema la kwenda shamba. Shamba lake lilikuwa karibu sana na mjini. Alilifikia kwa baiskeli.

"Hazina kasoro," Gasper akasema.

Kesho yake wakaanza. Agatha alifikia kwa shangazi yake kulekule Mkomaindo, na kila asubuhi alikuja na chai na ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, akaketi juu ya tairi kuukuu akawatazama. Gasper alilipandisha gari lake juu ya mawe, akafungua nati alizozikaza mwenyewe, akazitoa ekseli moja baada ya nyingine. Mujibu akachomelea vishikio vipya kwenye fremu ya gari la zahanati, kwa kuwa ekseli za wageni hazikai kwenye makao ya wenyeji bila kubembelezwa. Wakaongeza majani ya springi ili gari linyanyuke. Wakabadilisha meno ya difu, zile gia za katikati ya ekseli, maana matairi makubwa huifanya injini iwe kama mzee apandaye mlima. Yalipofungwa matairi yenyewe na usukani ukazungushwa hadi mwisho, yakasaga bodi, na Gasper akachukua msumeno akakata madigadi mpaka matairi yakazunguka bila kugusa.

Mara mojamoja walizungumza Chimakonde, wakacheka jambo la Chiwata, kisha wakarudi kwenye Kiswahili kama watu waliogundua kuwa wamesogeleana mno.

Siku ya mwisho Agatha alikwenda nyuma kunawa mikono, akachelewa kurudi. Gasper akamfuata. Akamkuta amesimama mbele ya gari lililobaki juu ya mawe, halina miguu, turubai limeangukia upande.

"Hili ulikuwa unalijenga la kwenda wapi?" akauliza.

Gasper angeweza kusema shamba. "Hukohuko," alisema.

"Huko wapi?"

"Unakokaa."

Agatha aliendelea kusugua mikono iliyokwisha kutakata. Mujibu akaita kutoka mbele kwamba breki ziko tayari kujaribiwa, na wote wawili wakashukuru kwa kuitwa.

"Mimi sitalipokea gari mpaka nilione linashuka," Agatha alisema walipolizunguka mara ya mwisho. "Twende wote. Likishindwa, liwe mbele yako."

Wakaondoka asubuhi, Agatha kwenye usukani. Gari lilikaa juu mno hata wakaona ndani ya nyua za watu, korosho zimeanikwa, mabibo yamerundikwa yananuka utamu mkali. Lilipanda uwanda wa Wamakonde bila kulalamika. Gasper aliketi akisikiliza chini ya miguu yake, lakini masikio yalikuwa yakimponyoka, yakarudi kusikiliza jinsi mwanamke yule alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kubadili gia. Alitamani barabara iwe ndefu kama zamani, ile ya mashimo, iliyokuwa ikila siku nzima.

Newala walisimama ukingoni mwa uwanda, pale ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde linafunguka chini mpaka Ruvuma, na ng'ambo milima ya Msumbiji imefifia kwa mbali. Gasper alikwisha kusimama hapo mara nyingi, akiwa peke yake, akiangalia mabati machache yanayong'aa chini na kujiuliza lipi ni la zahanati.

"Ni lile," Agatha akamwonyesha bila kuulizwa.

Wakapunguza upepo kwenye matairi, wakashuka. Mchanga ulikuwa mwingi, njia imeliwa na maji pembeni, lakini gari likajishikilia, likateremka kama ng'ombe mzoefu. Pale lilipovunjika mara mbili Agatha aliminya midomo. Wakapita. Akaachia pumzi, mkono wake ukatoka kwenye gia ukagusa mkono wa Gasper, ukarudi.

Zahanati ilikuwa vyumba vitatu na kibaraza. Wanawake walilizunguka gari wakilipapasa matairi, mmoja akisema watoto watalikimbia, mwingine akisema yeye atahitaji ngazi. Walipotawanyika, Agatha alimletea Gasper maji ya kunywa kibarazani. Hapo Gasper akasema, kwa kuwa alijua asiposema hapo hatasema tena.

"Rudi nami Masasi, Agatha. Hospitali zipo, kazi ipo. Nyumba ninayo."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lake tangu wakutane tena. Agatha akaketi kwenye ngazi. Akachora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Nilikusubiri, Gasper," alisema. "Nilikusubiri vizuri tu, kwa moyo mweupe, na sikulaumu. Lakini sasa wapo watu wanaonisubiri mimi. Nikiondoka hapa, haji mtu."

"Basi nije mimi."

"Utatengeneza nini huku? Gari ni hili moja, nawe umelitengeneza lisiharibike." Alijaribu kucheka. "Ningependa. Usifikiri kwamba sipendi. Lakini wewe ukikaa mahali pasipo na injini utakuwa mgonjwa, nami sitakuwa na dawa yako."

Gasper alitaka kubishana. Alikwisha kufungua mdomo alipotokea mwanamume kwenye baiskeli, anahema, nguo zimelowa hadi kifuani. Mke wake alikuwa ng'ambo ya kijito, uchungu umemshika tangu jana, na huko juu mvua ilikuwa imeshanyesha. Agatha alikuwa ameshasimama. Akachukua mkoba wake chumbani, akampakia yule mwanamume na baiskeli yake nyuma, akapanda. Kabla ya kuwasha alimtazama Gasper kupitia dirishani.

"Panapozidi kina, nitumie gia gani?"

"Ya kwanza, ile ndogo. Usiibadilishe ndani ya maji. Wala usisimame."

"Sisimami," alisema.

Gasper akafuata kwa miguu, mbio mbio, mpaka ukingoni. Alifika gari likiwa katikati, maji ya rangi ya chai yamefika kwenye vitovu vya magurudumu, yakipanda. Liliyumba mara moja. Kisha matairi ya mbele yakauma ukingo wa pili, likajinyanyua likichuruzika, likapotea nyuma ya matete. Akasimama pale akitega sikio mpaka mngurumo ulipokwisha. Hakusikia kugonga popote.

Hakungoja. Alijua akingoja atamkuta amechoka na mwenye furaha, na yeye hatapata tena nguvu ya kuondoka. Akashika njia ya miguu ipandayo Newala, pamoja na wanawake wawili waliokuwa wanapeleka ming'oko sokoni.

"Kaka, umetoka kwa nani huku?" mmoja akamuuliza.

"Nimeleta gari la zahanati."

"La Mama Julia? Tumeliona. Ni kubwa kama nyumba." Alihamisha kikapu begani. "Utakuja tena?"

"Likiharibika, nitaitwa."

"Basi Mungu atujalie lisiharibike kamwe," yule mwanamke akasema.

Mwenziwe akaitikia amina. Kisha wote wawili wakageuka, wakamtazama Gasper, wakimngoja naye.

Alipanda hatua kadhaa huku ameangalia mchanga. "Amina," alisema.