Jiwe la Ndaki

Jioni ya Jumanne, msimu wa pamba ukiwa umepamba moto, jiwe lilifika nyumbani kwa Ndaki mjini Bariadi. Lilikuwa limetembea siku nne kutoka mwinuko wa Sola, nalo lilikuwa limejaa vumbi. Elina, mkewe, alilifungulia mlango.

"Baba Ngassa, jiwe lako limefika."

Ndaki alilitambua kwa alama ya kiganja chake, ya grisi. Siku nne kabla, lori lake lilikuwa limepata pancha pale mwinukoni. Akaliweka jiwe hilo nyuma ya tairi lisirudi nyuma, akabadilisha tairi, akaondoka na kuliacha barabarani. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini Ndaki alikuwa anawahi foleni ya kiwanda cha pamba. Kulisukuma jiwe kando kungekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Giza la siku hiyo lilipoanza kuingia, Josia, mwalimu wa kwaya ambaye hata togwa aliinusa kwanza isije ikawa pombe, aliligonga kwa pikipiki yake, akafa palepale. Watu wakasema alilewa.

Tangu hapo jiwe lilipanda lori kila alfajiri, likakaa kiti cha mbele. Wapakiaji walilisalimia. Trafiki mmoja alichungulia dirishani, akasema, "Abiria wako hajafunga mkanda," na Ndaki akalifunga.

Alijuta, tena sana. Mwezi ulipokwisha akalipeleka Sola kwa Felisita, mjane wa Josia. Njia nzima alikuwa akiungama kwa sauti, na maneno yalimjia vizuri.

"Mwadila, mayu," Ndaki alimsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila. Karibuni nyote wawili." Felisita akatoa viti viwili na sahani ya michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Baba, wewe ni mtu wa barabara," alisema. "Ukoo mzima unasema mume wangu alikuwa amelewa. Mimi nimekataa. Hivi pale mwinukoni hapakuwa na kitu barabarani?"

Jiwe lilisogea kidogo kitini, likasubiri. Ndaki aliwaza leseni yake, watoto watano, kituo cha polisi.

"Sikuona kitu, mayu."

"Basi hawawezi kukosea wote," Felisita alisema. Akainuka, akaigeuza picha ya Josia ikatazama ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamtukana marehemu.

Ndaki alipotoka alitamani kurudi ndani akaseme kweli, lakini akaenda kwenye lori. Jiwe lilikuwa limeshakaa garini, limejifunga mkanda.