Kulisha na Kula

Yule fundi cherehani alikuwa na mengi ya kulaumiwa, ulimi wake ukiwa wa kwanza, lakini hakuna aliyewahi kutoka nyumbani kwake na njaa. Mkono wake haukuwa wa birika. Mdogo wake wa kiume alimlea mwenyewe, yeye dada mtu, tangu mama yao alipofariki, akamkuza kwa uji wa maziwa mpaka akawa mwanamume wa kuinama akipita mlangoni. Ndiyo maana siku ya kumzika mdogo wake huyo, akikumbuka alivyokuwa amekonda pale kitandani, hasira zilimzidi akili. Alimgeukia mjane, wifi yake, mbele ya watu wote akamwambia, "Kwako alikuja na mwili wake. Hukumlisha."

Tangu siku hiyo hawakusemezana tena.

Marehemu aliacha paka wawili, si vitoto wala si wakubwa, wa umri ule wa miguu mirefu na akili fupi. Dume alimwita Diwani, kwa kuwa alisema sana na hakufanya lolote. Jike alimwita Karani, kwa kuwa alikaa kimya akiangalia kila mtu. Wifi alipohamia chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba hakutaka wanyama, alimtuma jirani awapeleke kwa fundi ndani ya kikapu, pamoja na kopo la chakula chao na ujumbe mmoja tu: wale hicho hicho walichozoea, na maziwa wasipewe.

"Yeye ndiye wa kunifundisha mimi kulisha?" fundi alimwuliza jirani, ambaye alikuwa na haraka ya kuondoka.

Alifungua kopo akaona vipande vikavu, vigumu kama kokoto. Akalifunga, akalitupa juu ya kabati la vitambaa. Kisha akamimina maziwa bakuli zima. Diwani alikunywa mpaka ndevu zikadondosha matone, na Karani naye akanywa. Fundi aliwatazama na roho ikamtulia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Angalau hawa wa mdogo wake walikuwa wamefika mahali pa kushiba.

Kesho yake cherehani haikulia hata kidogo. Fundi alishinda na ndoo na tambara, akipiga deki chini ya meza na kuokoa gauni la mteja lisiharibiwe, maana matumbo ya wale wawili yalikuwa yamefunguka vibaya. Lakini aliijua dawa. Tumbo likichafuka, lipumzishwe. Ndivyo alivyomfanyia mdogo wake utotoni. Akawanyima chakula kutwa nzima. Diwani alilalamika kikao kizima, akapona.

Karani hakupona. Alipoletewa chakula alikinusa, akageuza uso. Fundi akamchemshia samaki, akamkatia maini, akamvunjia yai, akimsogezea kila kimoja mpaka puani na kumbembeleza. Karani alifumba macho. Uti wa mgongo wake ukaanza kuhesabika kwa kidole, na fundi akashtuka, kwa sababu vidole vyake viliujua mgongo wa namna hiyo. Aliwahi kuupapasa juu ya shati la mdogo wake, pale kitandani. Aliogopa, na hakuwa mtu wa kuogopa upesi.

Akambeba mpaka kwa daktari wa mifugo, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kwamba paka wengi maziwa hayawakubali, hata wakiyapenda. Kwamba paka wa umri huo bado anajenga mifupa, hivyo hanyimwi chakula. Na kwamba chakula kipya huchanganywa na cha zamani kidogo kidogo kwa siku kadhaa, mpaka tumbo lizoee. Akamchoma Karani sindano na kumtia maji chini ya ngozi. Lakini asipoanza kula mwenyewe leo au kesho, alisema, hali itakuwa mbaya. Kisha akauliza huko alikotoka ni nani aliyekuwa akimlisha.

Fundi alisimama nje ya zahanati na simu mkononi muda mrefu. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyeyamwaga. Mwishowe alipiga, akasema tu kwamba Karani hali chakula.

Wifi alikuja akitoka kazini, bado ana unga wa kiwanda cha mikate kwenye mikono. Aliomba kopo. Fundi alilishusha toka juu ya kabati, na uzito wake ulitosha kusema kila kitu. Wifi alilowesha vipande vichache kwa maji ya uvuguvugu mpaka vikalainika, akamtoa Diwani nje, akakiweka kisahani kando ya Karani. Halafu akaketi sakafuni, akampa mgongo.

"Keti, wifi," alimwambia fundi. "Usimtazame."

Fundi aliketi kando yake, wote wawili wakiukabili ukuta.

"Akitazamwa hali," wifi alisema polepole. "Mdogo wako naye alikuwa hivyo mwishoni. Nikimtazama, anaweka kijiko chini. Nilikuwa naweka sahani nageukia ukuta, nasikiliza."

Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Nilisema hukumlisha."

"Kulisha nilimlisha, wifi. Kula ndiko kulikomshinda."

Fundi alilia bila kujificha. Wifi akamshika mkono kwa mkono wake wenye unga, na hakumwambia anyamaze.

Nyuma yao kisahani kilisogea kidogo sakafuni, kikatulia. Kisha ikaanza sauti ndogo ya ulimi, ikakatika, ikaanza tena. Hakuna aliyegeuka.