Miche Ina Kivuli

Umepita pale. Usiseme hukuona. Umepita na gari, umepita na baiskeli, umepita kwa miguu ukitafuna karanga, na ulipofika kwenye ule uzio wa waya ukageuza shingo upande wa pili, ukajifanya unasoma bango la duka la rangi. Upande uliougeuzia kisogo kuna kitalu cha miche. Trei nyeusi zimepangwa safu kwa safu, na juu yake imetandazwa neti ya kijani, nzito, imevutwa ikavutika, mpaka ukiingia chini yake jasho linakukauka mwilini. Ng'ambo ya njia ya toroli kuna uwanja wa vumbi jeupe, hauna hata kichaka, na ndani yake wanacheza watoto wa wanawake wanaomwagilia ile miche. Miche ina kivuli. Watoto wana kofia.

Na siku ile uliponunua miche yako ya mipapai uliuliza swali moja tu: haijapigwa na jua hii? Ukaambiwa haijapigwa. Ukaenda zako roho kwatu.

Mlezi wa watoto wale ni mwanamke mtu mzima ambaye kitalu kizima kinamwita Bibi. Tangu kofia zije, wanamwita Bibi Kofia, na yeye huitika, maana amechoka hata kukataa jina. Kazi yake inaelezeka kwa pumzi moja. Anainama, anaokota kofia, anaikung'uta vumbi, anamvika mtoto, anahamia kwa mwenzake, na akifika kwa mtoto wa mwisho, wa kwanza keshavua. Anaanza upya. Hivyo mpaka jua lichoke, kwa sababu yeye alishachoka kabla yake.

Kama hujawahi kumvika kofia mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, nyamaza usome. Bibi Kofia alijaribu kila kitu. Alivaa yeye mwenyewe ili wamwige. Wakampanda mapajani wakamvua. Aliimba wimbo wa kofia. Wakaupenda wimbo, kofia wakaitupa ili wapate kupiga makofi. Alimvika mwanasesere, mwanasesere akatulia na kofia yake kutwa, ndiye mtoto pekee mwenye adabu pale uwanjani. Aliwasifu waliovaa, wakavua ili wamwoneshe anachokisifia. Kuna msichana mmoja mdogo, jina lake la pale ni Msumari, huyo havui yake. Anavua za wenzake, anazijaza mchanga, anawarudishia kichwani.

Wala usiwalaumu watoto. Kofia zile kitambaa chake ni kigumu kama gunia la mbolea, zina mpira unaobana chini ya kidevu, na jina la kampuni limebandikwa mbele kwa plastiki inayochemka juani. Ivae wewe kwanza.

Hazikuwapo zamani. Zamani uwanjani palikuwa na neti, kubwa, ya kijani kama hizo za miche, juu ya nguzo za miti. Na usidhani ililetwa na mtu mwenye huruma. Wanawake wa wakati ule, Bibi Kofia akiwa mmoja wao, nywele zake zingali nyeusi, walifika asubuhi moja na watoto migongoni wakaketi getini. Hawakupiga kelele. Waliketi tu, na malori ya miche yakashindwa kutoka, na kabla adhuhuri haijafika mashimo ya nguzo yalikuwa yameshachimbwa. Baadaye sana ukaja mwaka wa wateja wengi, vitalu vikaongezwa, na neti ya watoto ikaambiwa inaazimwa. Watu wa ofisini wana neno la upole kwa kila wizi. Nguzo zilibaki kwa muda, kisha nazo zikaazimwa.

Badala yake likaja boksi la kofia. Watoto wakapangwa, wakavikwa, wakapigwa picha, picha ikatundikwa ofisini. Mpiga picha alipofunga begi lake, kofia zote zilikuwa chini.

Halafu akaja mgeni, akawaona watoto vichwa wazi, akauliza. Wenye kitalu wakaaibika, na aibu yao ikageuka amri: mtoto atakayekutwa hana kofia, mama yake aitwe, amchukue, warudi wote nyumbani, na siku hiyo haihesabiwi kwenye mshahara.

Amri hiyo ilimkaa Bibi Kofia kifuani kuliko wengine. Binti yake anafanya kazi kwenye trei za nyanya, na mtoto wa binti yake yumo mle uwanjani. Ndiye mjukuu wake wa kwanza. Bibi anamwita mume wangu, na kinamama wote wanamtania asubuhi: "Mumeo ameamkaje leo?" Naye hujibu, "Ameamka na hasira, hajaacha hata hela ya mboga." Mume huyo, kiangazi kilichopita, alivua kofia mchana wa jua kali, Bibi akiwa ameinama kwa mtoto mwingine. Alipoinuka alimkuta amelala vumbini, macho yamepinduka, mwili unapigwa na degedege. Alimwagia ndoo nzima ya maji ya miche. Mtoto alipona. Bibi hakupona. Tangu siku ile kila akiinama anahisi kitu kinamvuta kisogoni.

Ndiyo maana akafanya alichokifanya.

Wanawake wa kitalu wana utepe laini wa kufungia miche inayotambaa kwenye vijiti vyake, na wana fundo lao. Halikazi likakata shina, wala halilegei hata upepo uje na ndugu zake. Bibi Kofia aliomba mabaki ya utepe, akashonea kila kofia vipande viwili, na asubuhi akawafunga watoto chini ya kidevu kwa fundo lile lile ambalo mikono yake inalijua hata usingizini.

Kofia zikakaa. Msumari alivuta za wenzake mpaka akalia kwa hasira. Msimamizi alipita, akasimama, akatikisa kichwa kwa furaha. "Umeona, Bibi? Ni kutaka tu."

Kwa siku mbili tatu Bibi Kofia aliketi. Aliketi kabisa, makalio chini, mgongo ukutani, akashangaa kumbe uwanja ule una ukuta.

Siku iliyofuata, mjukuu wake alisikia sauti ya mama yake upande wa vitalu, akapanda chuma cha chini cha geti dogo la uwanja ili amwite. Mguu ukateleza. Kofia ilirudi mgongoni na utepe ukanasa kwenye komeo. Hakulia, kwa sababu hakuwa na pa kupitishia kilio. Ukimya ndio uliomgeuza Bibi, ukimya wa mtoto ambaye hajawahi kuwa kimya. Alimkuta ananing'inia, vidole vya miguu vinatafuta chini.

Alimbeba kwa mkono mmoja, kwa mwingine akashika fundo. Fundo halikufunguka. Lilikuwa linafanya kazi yake. Alilikata kwa meno, kwa yale machache aliyobakiwa nayo. Mtoto alipovuta pumzi na kupiga yowe, Bibi Kofia alikaa chini akamshukuru kwa kelele zile. Kisha akachukua mkasi akakata tepe za kofia zote, moja baada ya nyingine.

Wakati wa kunyonyesha binti yake alikuja, akamgeuza mtoto, akaona mstari mwekundu shingoni.

"Mama, hii nini?"

"Ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Nimemfunga kama mche, mwanangu. Akanasa getini."

Binti alimpa mtoto ziwa, akawa anaupapasa ule mstari kwa kidole chenye udongo.

"Na kesho?" akauliza mwishowe.

"Kesho hana kamba. Simfungi tena. Wala yeye wala mwingine."

"Atavua."

"Atavua."

"Wakimkuta, nirudi naye nyumbani, na mwezi huu nimesharudishwa mara moja. Watamweka mwingine kwenye trei zangu. Na wasipomkuta, akae juani, degedege..."

"Najua."

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Nimekwambia najua. Nimechoka kujua."

Kesho yake jua lilitoka na ugomvi wake. Kitalu kile kina utaratibu: asubuhi neti hukunjwa ili miche ipate mwanga mpole, na jua likianza kuuma inagongwa kengele, wanawake wanaacha kila kitu, wanashika kamba, wanavuta neti mpaka ifunike trei ya mwisho. Anayechelewa anasemeshwa vibaya. Mche ukinyauka kuna maelezo ya kutoa.

Kengele ikagongwa. Bibi Kofia alikuwa ameinama, kofia mkononi, vumbi puani. Aliinua kichwa akaona neti inateleza juu ya miche, taratibu, kama mama anavyomfunika shuka aliyelala. Akawaangalia watoto wake. Vichwa wazi vyote. Mjukuu wake alikuwa amekaa katikati ya uwanja, uso umeanza kuwa na ule mng'ao wa joto anaoujua.

Hakufikiri sana. Waliochoka hawafikiri sana. Alimpachika mjukuu mgongoni, akachukua shuka refu la kulalia, akawaambia watoto washike pindo, na msafara ukavuka njia ya toroli ukaingia chini ya neti. Wachanga waliolazwa vikapuni akarudi kuwabeba mmoja mmoja.

Aliwaketisha kwenye vijia vya katikati ya trei. Msumari akanyoosha kidole kwenye mche wa nyanya.

"Usiuguse, umelala," Bibi akamnong'oneza.

Msumari akarudisha mkono, akaweka kidole mdomoni, akamwambia mwenzake, "Shhh." Baada ya kitambo kidogo nusu yao walikuwa wamelala pia. Kofia zilikuwa zimeachwa njiani, zimepinduka kama vyungu visivyo na kitu.

Kinamama walikuja wakasimama, ndoo mkononi. Wa kwanza kusema alikuwa msimamizi, naye alikuja mbio.

"Bibi! Bibi, unataka nifukuzwe? Watoto kwenye miche?"

"Sema polepole, baba, utawaamsha."

"Nani kakuruhusu?"

"Kaa chini kwanza. Nani kakanyaga mche? Nioneshe mmoja."

"Siyo hoja ya kukanyaga! Kofia zao ziko wapi? Si mmepewa kofia?"

Hapo Bibi Kofia akacheka, kicheko kikavu kisicho na nguvu. Sikuambii uongo, msimamizi yule alilelewa uwanjani pale pale, na mgongo ulioinama kwa Msumari ndio ulioinama kwake.

"Kofia unaniuliza wewe?" akasema. "Mama yako alikuwa anakushonea usiku, wewe unazizamisha chooni mchana. Zote! Mpaka choo kikaziba, fundi akaitwa, akatoa kofia kama anavua samaki."

Kinamama wakaangua kicheko. Hata msimamizi mdomo ulimcheza kidogo, akauzuia.

"Sasa niambie, baba," Bibi akaendelea, na sasa hacheki. "Hukuwa na kofia, na jua lilikuwa hili hili. Ulipona vipi?"

Msimamizi akaangalia juu, kwenye ule mwanga wa kijani uliokuwa unamtua usoni. Ulikuwa unamfahamu.

"Palikuwa na neti," akasema.

"Palikuwa na neti."

"Mimi siyo mwenye neti, Bibi."

"Hata siku ile sisi hatukuwa wenye neti. Tuliketi tu. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, unakojoa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Msimamizi akageuza shingo. Akatazama nje ya uzio, ng'ambo ya barabara, bango la duka la rangi, akalisoma kwa makini kama mtu anayetaka kupaka nyumba.

"Kesho asubuhi lori linakuja kuchukua hii miche," akasema bila kurudisha uso. "Neti inakunjwa, inakwenda vitalu vipya. Mpaka leo jioni, mimi sijaona kitu."

"Umeona."

"Bibi, tafadhali..."

"Umeona, mwanangu. Usijitie."

Akaondoka. Njiani aliokota kofia moja, akaikung'uta, akatazama huku na huku asijue pa kuivisha, akaichomeka juu ya nguzo ya uzio. Ipo mpaka sasa. Uliiona ulipopita.

Jioni, wakikunja mashuka, kinamama waliambizana: kesho lori halitoki. Wataketi getini kama walivyoketi mama zao. Lakini hawajidanganyi. Wa zamani walikuwa wengi, na nje ya uzio hapakuwa na mtu anayesubiri nafasi. Leo wapo wanaosubiri, kila asubuhi, na vyeti vyao mkononi. Wakikaa peke yao, kufika adhuhuri watakuwa wameshabadilishwa kama balbu, na mtoto wa yule binti atakuwa amekaa vumbini, katikati ya uwanja, kichwa wazi, na mlezi mgeni ameinama kwa mtoto mwingine.

Bibi Kofia hakusema mengi. Alisema, "Mimi nitakuja na kigoda. Miguu haiwezi tena kukaa chini." Kisha akamwinua mume wake, akamfuta vumbi kichwani kwa kiganja, akakiacha kiganja pale pale juu, kikimkinga, mpaka walipotoka getini.

Sasa wewe. Lori linafika asubuhi. Acha kutikisa kichwa, acha kusema masikini watoto. Una nguzo iliyolala nyuma ya nyumba. Una jembe. Una turubai kuukuu, una pazia, una shuka. Usilete kofia. Beba ulicho nacho, njoo uketi kwenye geti lile karibu na kigoda cha yule bibi, na mkishaketi, mchimbe mashimo. Weka chini unachosoma. Tafuta viatu vyako. Toka sasa hivi.