Mto wa Babu Jukwaani

Jumamosi binti yangu huwa si wangu. Ndivyo tulivyokubaliana, au tuseme ndivyo walivyokubaliana mume wangu na mama yake, mimi nikatangaziwa matokeo. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, mimi ni dobi, niko kazini mpaka jioni, basi bibi anamchukua mjukuu na kwenda naye mpirani. Nani angekataa mlezi wa bure, tena wa damu? Nilikataa moyoni tu, na moyo hauna kura.

Mama mkwe hajawahi kunitukana, lazima niseme haki yake. Siku ya harusi yangu jirani zake, weupe kama yeye, walinitukania rangi yangu nyeusi palepale mlangoni, na ni yeye aliyewaambia wanyamaze, wageni wanasikia. Wageni, si mimi. Tangu siku hiyo ananiita "mama yake huyu", hata kabla ya mtoto kuzaliwa aliniita "mke wake huyu", kana kwamba jina langu lingemchubua ulimi. Akija kwangu anafuta kiti kwa kiganja kabla ya kukaa. Mimi, dobi! Vumbi likitaka kuingia nyumbani kwangu linabisha hodi.

Lakini kumpenda mjukuu, anampenda. Ni yeye aliyempa jina la utani, Kipenga, kwa vile alivyolia siku ya kuzaliwa mpaka wauguzi wakageuka. Kipenga amechukua macho ya baba yake na nywele zangu, na ngozi yake haikutaka ugomvi, ikakaa katikati. Kila Jumamosi asubuhi bibi humvika kofia ya timu, ya sufu, akaivuta mpaka masikioni, jua liwake lisiwake. Nilikuwa nikidhani ni mapenzi ya timu.

Jumamosi ninayoisema, mama mkwe alikuja mwenyewe mpaka kazini kwangu. Alisimama mlangoni kwenye mvuke, goti moja limevimba, mtoto kamshika mkono. Sisi ndio tunaofua jezi za timu hiyohiyo anayoiabudu. Zinakuja kwenye magunia zikinuka matope na dawa ya kuchua misuli, zote zinaingia mashine moja, na jasho la kwapani linaacha duara lilelile la njano, awe nani aliyeivaa.

"Mama yake huyu," akasema, "unatoka saa ngapi?"

"Jioni, mama."

"Leo utatoka sasa. Ngazi za jukwaa siziwezi peke yangu, na bega la huyu bado fupi."

Msimamizi wangu, naye mshabiki kindakindaki, akanipa ruhusa kabla sijaiomba. "Nenda kaone zinavyochafuliwa," akasema.

Basi nikaenda. Sikwenda kwa ajili ya goti. Kwa wiki kadhaa Kipenga alikuwa akirudi nyumbani na maneno mapya, na akinikuta nasikiliza ananyamaza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi nilitaka kuuona huo ulimwengu unaonifunzia mwanangu. Nilishajiambia kwamba nikiona baya, Jumamosi zake zitarudi kwangu, mume wangu apende asipende.

Jukwaani kwao kuna desturi moja. Mabenchi ni ya zege, na kila mwenyeji ana mto wake wa kukalia, umeshonwa kwa jezi kuukuu ya timu, umefungwa kwa kamba kwenye chuma kinachopita chini ya benchi. Mto haubebwi kwenda nyumbani. Unalala pale msimu hadi msimu chini ya paa, na hakuna anayekalia mto wa mwenzake hata uwanja ujae namna gani. Ukifungua kamba ukaondoka na mto wako, umejiuzulu. Jirani yako anasogea, na hakuna kurudi. Kuna watu wamekufa na mito yao bado imefungwa, kama wa babu yake Kipenga. Mtoto alikuwa akikaa juu ya mto huo wa babu, kando ya bibi yake, miguu ikining'inia.

Nilimpandisha mama mkwe ngazi zote, uzito wake wote begani kwangu, akihema sikioni mwangu bila kusema neno. Tulipofika safu yao nikaona nafasi tupu kwenye zege, baada ya mto wa babu. Mzee mmoja mnene, muuza vipuri vya magari ambaye wote walimwita Spea, alinitazama, akavua koti lake taratibu, akalitandika pale.

"Hapa pana mwenyewe," akasema.

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

Mwanamke wa safu ya nyuma akasogeza mkoba wake pembeni, kwenye nafasi nyingine, bila hata kuniangalia. Wa mbele wakapanua magoti. Sijawahi kuona benchi likijaa haraka namna ile bila mtu kuongezeka.

"Mama, tukae wote kwa babu," Kipenga akasema, akijisogeza ukingoni mwa mto.

"Huo mto si wa kila mtu," Spea akasema, akimwambia mama mkwe na si mimi. Mama mkwe alikuwa ameshakaa, anatazama uwanja, ambako bado hapakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa nyasi.

Nikakaa kwenye ngazi, pale watu wanapopitisha viatu. Kule chini kabisa, karibu na mlango wa kutokea, niliwaona vijana wachache weusi wamesimama na skafu za timu shingoni. Mmoja aliniona, akainua kidevu kidogo kunisalimu, kisha akauangalia mlango. Nilielewa kwa nini walichagua kusimama pale. Uwanjani nusu ya timu yetu walikuwa weusi, lakini jukwaa lile lilikuwa na rangi moja, na mimi kwenye ngazi.

Mpira ulianza. Sina utaalamu nao, nazijua jezi tu. Namba saba wetu, ambaye wote humwita Saba, kijana mweusi kama mimi, alifunga bao mapema, na jukwaa likaimba jina lake mpaka mabati ya paa yakatikisika. Spea alimrushia busu kwa mikono miwili. Mama mkwe alipiga makofi, Kipenga akaruka juu ya mto, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilifurahi pamoja nao.

Kisha wageni wakapata kona upande wetu. Aliyekuja kuipiga alikuwa winga wao, mweusi naye. Alipouweka mpira chini, sauti ikaanza nyuma yangu na kushuka safu kwa safu. Huu, huu, huu. Ya kifuani, ya nyani. Wanaume wazima, mafundi na makarani, wengine ninawafulia mashati. Nikageuka kumtazama binti yangu ili nimzibe masikio, nikamkuta amesimama juu ya mto wa babu yake, ngumi kwapani, anaipiga sauti ileile kwa nguvu zake zote. Aliponiona alitabasamu. Alitaka nimsifu.

Nilimvuta mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Bibi," akasema. "Ni ya wageni, Mama. Tunampigia ili akose."

"Na kipa wao yule mweupe, mbona hamkumpigia?"

Alifikiri kwa haki kabisa. "Yule tunampigia miluzi."

"Kwa nini yule miluzi na huyu hiyo?"

Akamgeukia bibi yake, kwa kuwa huko ndiko majibu ya Jumamosi yalikotoka. Na mama mkwe, macho yakiwa bado uwanjani, akasema, "Muache mtoto afurahi. Ni mambo ya mpira, yanaishia hapahapa."

"Yanaishia wapi, mama? Mimi naondoka hapa na ngozi yangu."

"Mwambie mgeni wako," Spea akamwambia, "kama anataka mahubiri amekosea mlango." Safu ikacheka. Mama mkwe hakucheka.

Ningeondoka wakati ule. Nilishamshika mtoto mkono. Lakini aliganda, machozi yamemlenga, na nikajua nikimburuta ataondoka akiamini kwamba mimi ndiye niliyemharibia siku, na Jumamosi ijayo atalia kumfuata bibi yake. Nilikuwa nagombania mtoto, si mabishano. Nikarudi kwenye ngazi yangu, nikameza.

Wageni walisawazisha. Mpira ulipokaribia kwisha tukapewa penalti, na Saba akauchukua mpira kwapani. Wimbo wa jina lake ulianza upya, mtamu kuliko ule wa kwanza. Akakimbia, akapiga, mpira ukapaa juu ya goli ukapotelea kwa watu.

Kisha Spea, ambaye busu lake lilikuwa bado halijapoa, akaweka mikono mdomoni akaanza. Huu, huu. Nyuma wakaitikia, na safu zote zikafuata. Saba alikuwa amesimama pale kwenye nukta, mikono kiunoni, anatazama chini, na jezi niliyoifua Alhamisi imemganda mgongoni.

Kipenga alikuwa ameshapandisha ngumi kwapani kwa mazoea. Zikasimama njiani.

"Lakini Saba ni wetu," akasema.

"Akifunga," Spea akamjibu, akicheka. "Akifunga ni wetu."

Mtoto akamtazama, akamtazama Saba, kisha akanitazama mimi niliyekaa kwenye ngazi. Alinitazama muda mrefu. Niliona vitu vikipangika kichwani mwake kimoja baada ya kingine, na roho iliniuma, maana kilikuwa kitu nilichotaka akijue siku moja, lakini si kwa namna ile, si akiwa mdogo vile. Akamgeukia bibi yake.

"Bibi, na mimi nikikosa watanipigia?"

"Wewe?" Mama mkwe akageuka kwa mara ya kwanza tangu tukae. "Wewe ni mjukuu wangu. Nani atathubutu?"

"Hata nikivua kofia?"

Bibi yake aliinyoosha mikono yote miwili, akaivuta ile kofia chini zaidi, mpaka ikafunika nyusi za mtoto. Nadhani mikono ilitangulia kabla hajajua inafanya nini. Lakini Kipenga aliielewa, na mimi niliielewa, na hakuna kilichobaki cha kuelezwa.

Kipenga akateremka kutoka kwenye mto wa babu. Akapiga magoti kwenye zege, akaanza kuvuta kamba.

"Mama, nifungulie."

Fundo la marehemu lilikuwa limekaza kwa miaka. Lakini mimi kila siku nafungua kamba za kaptula zilizolowa zikakauka na matope, na hakuna fundo la mwanamume lililowahi kunishinda.

"Mama yake huyu," mama mkwe akasema kwa sauti ya chini. "Kamba hiyo ikifunguka hairudi. Unajua."

"Najua, mama. Ila si mimi niliyeomba."

Kamba ikalegea. Kipenga akaukumbatia mto, na kabla hatujafika kwenye ngazi Spea alikuwa ameshasogea. Kumbe mwenyewe wa ile nafasi alikuwa koti lake tu.

Tulishuka tumewapa mgongo. Sauti ikatufuata, si ya uwanja mzima, ni ya safu chache, lakini ilikuwa yetu, tulipigiwa sisi. Nilisikiliza kama sauti ya mama mkwe imo. Haikuwamo. Wala haikuwamo ya kuwaambia wanyamaze. Nadhani safari hii hapakuwa na wageni wa kusikia.

Chini, wale vijana wa mlangoni walitupisha. Yule aliyenisalimu aliuona mto, akaijua maana yake, akatufungulia lango mwenyewe.

Mimi ningekwenda zangu. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumwacha mama mkwe ashuke kwa bega la Spea. Ni Kipenga aliyekataa.

"Goti la Bibi," akasema, akakaa kwenye ukingo wa barabara juu ya mto wake.

Basi tukangoja. Filimbi ya mwisho ikalia, watu wakamwagika, Spea akapita na wenzake wakibishana kuhusu penalti, na hakuna aliyekuwa ameshika mkono wa mtu. Ngazi zilipokwisha watu tukamwona juu, peke yake, ameng'ang'ania chuma, anashusha mguu mmoja na kungoja. Nikapanda. Nikampa bega lilelile. Sitasema lilikuwa pendo. Ningemfanyia hata Spea, na ningemchukia njia nzima.

Tulipofika chini Kipenga alisimama akamkagua bibi yake. Alitazama mkono ulioshika bega langu, akautazama ule mwingine, akatazama hata kwapani.

"Bibi, mto wako uko wapi?"

Mama mkwe alishusha pumzi. Alikuwa amezeeka kwenye zile ngazi, naweza kuapa.

"Uko mahali pake," akasema.

Kipenga akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu la swali lake. Akavua kofia, nywele zangu zikafumka kichwani kwake, akaiweka ile kofia kwenye mkono wa bibi uliokuwa mtupu. Kisha akazunguka akaja upande wangu wa pili, na mto wa babu kwapani, tukaelekea kituoni, bibi akiwa ameniegemea mimi.