Mikono ya Gumato Mahakamani

"Huyu ni dada yako wa tumbo moja?" wakili wa mshtakiwa aliniuliza, nami nikajibu ndiyo kwa sauti ya kufika barabarani. Nilijivuna, mjinga mimi. Nilidhani undugu wetu ungeipa kesi nguvu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, mahakama ya Isiolo. Kizimbani alisimama Gababo, dalali wa ng'ombe, aliyemchoma kisu shemeji yangu Diba nyuma ya soko la mifugo wakigombania fahali. Aliyeona alikuwa mtu mmoja tu, Gumato, mke wa Diba. Na Gumato alikuwa kiziwi tangu surua ya utotoni, hana neno hata moja la mdomo. Lugha yake ilikuwa ya mikono, tuliyoitunga sisi wawili tukichunga mbuzi kule Korbesa.

Wazee walitaka jambo limalizwe nyumbani. Hata mimi niliogopa, maana ndugu za Gababo walikuwa wengi. Lakini televisheni ilikuwa imeshamteka Gumato. Pale hotelini kwa Kulmiye, kila Alhamisi, palionyeshwa mchezo wa Kizungu wa wauaji na polisi, na mwendesha mashtaka wake alikuwa mwanamke kiziwi. Wanaume walijaa ndani na chai zao, Kiingereza kikiwapita juu ya vichwa. Gumato alisimama dirishani akaelewa kila kitu. Mwanamke yule aliinua mikono, bwana aliyekaa kando yake akaigeuza maneno, na wauaji wakaenda jela.

"Umeona?" Gumato aliniambia kwa vidole. "Hakimu anangoja mikono imalize."

Wallahi, sikuwa nimemwona na furaha ile tangu tumzike Diba.

Basi akaja kortini na mtandio wake wa Idd. Hakuwa ameanza hata kueleza, wakili wa Gababo akasema mkalimani, yaani mimi, ni ndugu wa shahidi, na marehemu ni shemeji yake. Nani atajua maneno ni ya nani? Hakimu akauliza kama yuko mwingine mjini anayeijua lugha ile. Watu wakatazamana. Mwingine angetoka wapi? Wa tatu aliyeijua alikuwa Diba.

Muda huo wote Gumato alikuwa ameweka mikono kifuani, tayari, akimtazama hakimu. Hakimu aliandika, akaandika. Kisha akasema ushahidi huo hauwezi kupokelewa, na mwingine hakuna, mshtakiwa aachiliwe. Gababo akashuka akijipangusa kanzu.

Hakimu alikuwa akikusanya karatasi zake alipoona Gumato bado amesimama palepale.

"Mama," akaniambia, tena kwa upole, "mwelezee dada yako. Mwambie kesi imekwisha, aende nyumbani."

Nikamwelezea. Gumato alinitazama, akamtazama hakimu, akanigeukia tena. Akaniambia nimetafsiri vibaya, nirudie.