Kikombe cha Mbaazi

Tangu kiharusi kinipige, mkono wangu wa kulia umekuwa na kiburi. Nauambia shika, unalala tu pajani. Mimi Ndunda, niliyeshona suruali za jinzi kule kiwandani EPZ Athi River mpaka nikastaafu, leo navalishwa shati na mke wangu!

Ann, yule dada wa fizio, wa mazoezi ya viungo, pale hospitalini mjini, alinipa kazi ya kijinga. Mkono mzima, wa kushoto, uvalishwe soksi na ufungwe, halafu huu mbovu uokote mbaazi kwenye beseni, moja moja, utie kwa kikombe. "Mzee, ukikazana, utaona kikombe kikijaa," akasema. Kujaa na nini? Mbaazi za shamba letu la Kalama ziko na mawe, na nyingine zimetobolewa na wadudu. Mimi siokoti takataka, kwa hivyo nachagua nzuri tu. Kidole kinateleza, mbaazi inaruka, natukana, naanza tena. Jasho linanitoka kwa sababu ya mbaazi! Nikichoka, usingizi unanibeba palepale kwa kiti.

Na uchungu uko hapo. Kabla sijasinzia naona kikombe kimefika nusu. Nikiamka, mbaazi zimefunika chini tu. Kila siku hivyo hivyo. Mwanzoni nilisema ni macho. Baadaye nikaogopa, tena sana: labda kiharusi kimepanda kichwani, na hiyo nusu naiota. Ningemwambia nani? Watu wakisikia akili yako imeyumba, hata redio hawakuachii ufungue. Nikanyamaza na hasira zangu. Nikaamua kwamba kesho kliniki nitamwambia Ann imetosha, mkono ubaki hivyo, aniache.

Leo mchana nimeokota kwa hasira mpaka kikombe kikapita nusu. Nikafumba macho, lakini usingizi ukakataa kuja. Nikasikia ndara. Nzilani, mke wangu, alikuja na sufuria, akainua kikombe changu, akamimina, akabakisha kidogo chini.

"Wewe Mama Musembi! Unafanya nini?"

Aliruka, karibu aangushe sufuria. "Woi! Si nachukua za kuchanganya na mahindi, nipike isyo ya jioni?"

"Na beseni zima liko hapo!"

"Hizo ziko na mawe, Baba Musembi. Zako zimechaguliwa vizuri. Nilidhani unanisaidia. Na kila siku nakuachia kidogo, usije ukakasirikia kikombe kitupu."

Nilimfokea mpaka kuku wakahama uani. Kwamba nimejiona mwendawazimu! Kwamba nimelala nikilia! Kwamba kazi yote ya mkono wangu tumeichanganya na mahindi tukaila, na mimi mwenyewe nikaomba niongezwe sahani! Nzilani akaweka sufuria chini, akashika mdomo.

"Ngai wakwa," akasema. "Mbona hukuniambia?"

Machozi yakamjaa machoni. Yakanijaa na mimi, ingawa hasira ilikuwa bado iko. Akainama kunifungua soksi, nikamzuia.

"Wacha. Na kesho kabla twende kwa Ann, usiniletee kikombe. Lete hiyo sufuria, niokotee humo."